Kinu Kimoja, Michi Miwili

Sitaanza na mahali alipozaliwa, kwa sababu hakuwahi kuniambia, na siku niliyouliza alisema hilo ni swali la watu wa sensa. Nitaanza na sauti. Kwa miaka kumi na minne chumba chetu na chake vilitenganishwa na bati moja kule Gatwekera, Kibera, na kabla sijaujua uso wake vizuri nilikuwa nimeshaujua mchi wake. Kila siku saa nne asubuhi, matope ya mlangoni yakishakauka kidogo, ulianza: du, du, du, du, na juu ya mapigo hayo sauti ya mwanamke ikienda mbio bila kujikwaa. Mama yangu alikuwa akisema hatuhitaji redio.

Alitwanga simsim na njugu. Alizisuza, akazikaanga, akazitwanga mpaka zikawa uji mzito wa rangi ya udongo, kisha akazipakia kwenye vikopo na kukaa navyo mlangoni. Watu wa mkoa wa Magharibi waliojaa mtaani kwetu walinunua kuungia mrenda na kunde, na sisi ambao si wa Magharibi tukaiga. Kila mtu alimwita Mama Simsim. Hakuwa na mtoto. Hilo "mama" lilitoka kwenye biashara, kama la Mama Mboga wa ng'ambo ya mtaro, na nadhani kuna siku lilimchoma, ingawa hakulisema.

Kwake hukuomba nyongeza. Wanawake wote wa Nairobi wanajua kuomba nyongeza, lakini ukimwambia Mama Simsim "niongeze kidogo" alikutazama kana kwamba umemwambia avue kitambaa cha kichwa. Ukitaka kijiko cha ziada ulisimama mbele ya kinu ukasema maneno yake, yote, bila kupumua na bila kukosea:

Shangazi asuza simsim, hashindwi na simsim. Simsim yasuzwa na shangazi, haishindwi na shangazi.

Ukiyasoma hapa unaona ni maneno ya kawaida. Yaseme basi, mara tatu, haraka, na foleni nyuma yako ikikusikiliza.

Niliona watu wazima wakitoka jasho pale. Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee wa Kinubi, kofia safi siku zote, mtu aliyesema "Kibra" na kuwakemea waliosema "Kibera". Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mtaa mzima ukikiweka pamoja. Mara ya kwanza alipita, ya pili akapita, ya tatu ulimi ukakunjika katikati ya "hashindwi", naye akatangaza kuwa maneno hayo yametungwa na watu wasio na adabu. Pasta mmoja alikwama palepale na kusema ni jaribu la shetani. "Shetani hajui hata kusuza," Mama Simsim akamjibu, na kijiko hakumpa. Wakikuyu waliigeuza simsim yote ikawa shimshim. Na sisi, watu tuliolelewa kwa Kijaluo nyumbani, ndio tuliokuwa sherehe yenyewe. Mimi shuleni "shangazi" nililiandika vizuri na kulisoma vizuri. Mbele ya kinu, kwa haraka ile, lilitoka "sangasi", na kila "s" iliyofuata ikajikunja kama ya kwanza.

Alinicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, kikubwa kuliko mwili wake, na hakukificha. Lakini mimi ndiye mtoto aliyekuwa akimwita karibu kila wiki. "Wee wa ukutani, kuja useme." Nilikwenda, nilikosea, alicheka, na kijiko cha nyongeza alinipa tu, mimi peke yangu, bila kunieleza kwa nini mimi nilipewa na pasta akanyimwa. Nilirudi nyumbani nimekasirika na nimeshiba.

Kuhusu ugumu wa maneno alikuwa na elimu yake mwenyewe, na bado sijasikia ya kuipita. Nilimwambia siku moja kwamba "shangazi" ni neno gumu. Akaniambia nilitamke peke yake. Nikalitamka. Akaniambia nitamke "asuza" peke yake, nikatamka. "Hashindwi"? Hata hilo lilitoka.

"Sasa iko wapi ngumu?" akauliza.

Nikamwonyesha ulimi wangu.

"Neno ngumu hakuna. Kuna majirani. Hii 's' ikikaa peke yake haina shida na mtu. 'Sh' pia, ni mtu mzuri. Lakini wanafanana, na umewaweka plot moja, choo moja, kamba moja ya nguo. Lazima wakanyagane."

Alisema vitu vilivyo mbali havijikwai. Huwezi kujikwaa ukitoka kwenye "m" kwenda kwenye "k", kwa sababu ulimi unajua umehama. Ni pale unaposogea kidogo tu, upana wa ukucha, ndipo unaposahau ulikuwa upande gani. Baadaye nilimkumbuka sana kwa maneno hayo, kwa sababu alikuwa akiyajua yote na hayakumsaidia.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Mgonjwa akisikika akikohoa chumba cha tatu, kikopo kilifika mlangoni kabla ya majirani wenye midomo ya pole. Lakini hakuingia kwa mtu. Aliweka kizingitini, akagonga bati mara moja, akaondoka. Hakuvumilia kimya, na hakwenda kuongea kwa mtu yeyote. Hakusahau kosa la ulimi la mtu, hata la miaka mitano nyuma, alikuigizia sauti yako mwenyewe mpaka ukaona aibu. Na yeye akikukosea hakusema samahani. Mara moja alimwagia mama yangu maji machafu kwenye nguo za kanisani, kwa bahati mbaya, na kesho yake tukaamka tukakuta vikopo viwili kizingitini. Maneno hapana. Samahani ndiyo iliyokuwa kitanzandimi chake yeye, na hakuna aliyewahi kusimama pale kumcheka.

Sasa niseme habari ya mdogo wake, maana kinu kile hakikuwa cha mtu mmoja.

Waliishi pamoja katika chumba kile cha futi kumi kwa kumi, dada wawili, kitanda kimoja. Mdogo alikuwa mkubwa wa mwili na mpole wa kusema, na alikuwa na meno ya mbele mazuri ambayo watu waliyataja kabla ya kutaja jina lake. Walitwanga kwa zamu. Mama Simsim alisema nusu ya kwanza, ile ya shangazi, akishusha mchi kwa kila neno, na mdogo wake ameinua wake juu akisubiri. Neno la mwisho likitoka tu, mdogo alishusha na nusu ya pili, ile ya simsim, na mkubwa akainua. Hakukuwa na nafasi katikati hata ya kumeza mate. Ndivyo walivyopumzika, mmoja akifanya kazi mwingine anavuta pumzi, na ndivyo walivyojua nani ni nani bila kutazamana. Ulimi ukichelewa michi iligongana hewani, na ikigongana walicheka wote wawili. Maneno waliyatunga wenyewe walipofika mjini, kwa Kiswahili, ili wateja wa kila kabila wayashindwe sawasawa.

Siku hizo nilidhani ni mchezo. Leo naona ilikuwa ndoa ya aina fulani, na kama ndoa nyingi ilikuwa na mmoja aliyecheka zaidi na mmoja aliyechekwa zaidi.

Kulikuwa na fundi wa madirisha kutoka Mashimoni aliyeanza kununua simsim kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Mtaa mzima ulijua anamtaka mdogo. Mama Simsim naye alijua, akamsimamisha mbele ya kinu siku ya Jumamosi watu wakiwa wengi. Maskini alikuwa na kigugumizi kidogo. Alianza "sha, sha, sha" na hakufika hata kwenye simsim. Mama Simsim alicheka mpaka akakaa chini. Fundi naye alicheka kidogo, kwa heshima, akachukua kikopo chake, na tangu siku hiyo alinunua njugu dukani. Nilisikia kupitia ukutani kwamba mchi wa mdogo jioni ile ulishuka kwa nguvu kuliko kawaida, na nusu yake aliisema polepole, akiitamka kila herufi.

Kisha ikaja mvua ndefu. Njia yetu ya kwenda kwa maji inateremka, na matope yakilowa hata mbuzi wanafikiri kwanza. Mdogo aliteleza na mtungi wa lita ishirini mkononi, akaangukia jiwe la mtaro kwa mdomo. Meno mawili ya mbele yakaenda. Mama Simsim alimuuguza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alimpikia uji, akamwoshea damu kwa maji ya chumvi, na kwa wiki moja hakutwanga kabisa. Wiki ya pili walirudi kwenye kinu.

Nilikuwa kwenye foleni siku hiyo. Mkubwa akasema nusu yake. Mdogo akashusha mchi na kusema: "Fimfim yafuzwa na fangafi."

Mama Simsim alicheka. Si kwa ubaya, mtu akiniuliza nitaapa kwamba hakuwa na ubaya. Alicheka kama alivyotucheka sote. Foleni nayo ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu anayekosea kuliko mimi. Kesho yake aliwaita wateja: "Kujeni msikie mdogo wangu, siku hizi anasuza na maji mingi." Kesho kutwa akaita tena. Mdogo alisema nusu yake siku zote tatu, akiwa amefunika mdomo kwa mkono mmoja na kushika mchi kwa mkono wa pili. Siku ya tatu alipomaliza aliufuta mchi wake kwa leso, polepole, mpaka chini.

"Kinu ni yako," akamwambia dada yake. "Mchi ni yangu."

Akauweka begani akaondoka. Jioni tulisikia amepata chumba Kawangware, upande wa kituo cha matatu za 46, kwa rafiki yake wa kanisani.

Mtu atasema ni ugomvi mdogo. Mimi nimesuka nywele za wanawake kwa miaka mingi na nimesikia magomvi yote, ya waume, ya mashamba, ya wakwe, na nakuambia magomvi ya kitu kikubwa huisha. Lile dogo ndilo halina pa kulishikia.

Mama Simsim aliendelea kutwanga peke yake. Alisema nusu yake, akashusha mchi kwa kila neno, kisha akainua mchi juu na kunyamaza. Wateja walifikiri anapumzika. Mimi nilikuwa nyuma ya bati na masikio yangu yalikuwa yamezoea, kwa hiyo nilijua anachofanya. Kile kimya kilikuwa na urefu wa nusu ya pili kamili, kuanzia simsim hadi shangazi, hakikuzidi wala kupungua. Kilipokwisha alishusha tena. Alifanya hivyo siku nzima, mwaka mzima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikiona ni kitu cha kusikitisha, lakini kusikitika kwa umri ule hakukai, nilikwenda zangu.

Nilikuwa nimepata kazi ya kusuka katika saluni moja Kawangware. Nilitembea kila asubuhi, nikavuka reli na kukata hadi Ngong Road, mwendo wa saa moja na kitu. Siku moja aliniita kutoka mlangoni kwake.

"Wee wa ukutani. Si unafanyanga kazi Kawangware?"

"Eeh, Mama Simsim."

"Ile side ya 46?"

"Karibu na hapo."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta kinu ambacho hakikuwa na uchafu. "Utaenda kwa mdogo wangu. Anauza njugu hapo kwa stage. Usimpelekee maneno mingi. Simama mbele yake, useme nusu yangu. Hiyo tu, halafu unyamaze."

"Mimi siwezi hiyo kitu. Si unajua ulimi yangu."

"Najua."

"Si utume mtu mwenye anaweza?"

"Nakutuma wewe," akasema, na akaingia ndani.

Nilikwenda siku hiyohiyo nikitoka kazini. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kigoda, njugu za kukaanga kwenye sinia, vikaratasi vimekunjwa tayari. Mchi aliuegemeza ukutani nyuma yake. Mtu anayeuza njugu zisizotwangwa hana kazi na mchi, lakini ulikuwa pale, umefutwa. Kando yake vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja wateja, na mmoja wao nilikuwa nimeanza kumvalia vizuri asubuhi.

"Sasa, mrembo," yule kijana akasema. "Leo umekuja kwetu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisimama mbele ya mdogo wake nikafungua mdomo. Nikafikiria "sangasi" ikitoka mbele ya wale vijana, msichana mzima wa saluni, kucha zimepakwa rangi, anasema maneno ya watoto na anayakosea.

"Wewe si wa Gatwekera?" mdogo akauliza, kiganja mdomoni, kama alivyokuwa akiongea sasa. "Wa pale ukutani?"

"Ndio. Dada yako anakusalimia."

Alingoja. Niliona anangoja. Alikuwa ameacha kukunja karatasi.

"Ni hiyo tu alisema?"

"Ni hiyo tu."

Akarudia kukunja karatasi yake, akaijaza njugu, akanipa. "Mwambie nimepata salamu."

Nilizila njugu zile njiani, zote, na sikusikia ladha. Nilipofika Gatwekera Mama Simsim alikuwa amesimama nje, yeye ambaye jioni alikuwa hasimami nje.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Yote?"

"Yote."

"Akacheka?"

Mpaka leo nalijibu swali hilo kichwani. Nilidhani anaogopa mdogo wake amelidharau neno lake. Nilidhani namtuliza. Nikamwambia, kwa sauti ya heshima kabisa, "Hapana. Hakucheka hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitikisa kichwa mara mbili. Akaniambia asante, neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake, akafunga mlango. Kesho yake saa nne mchi ulianza, na haukuwa na maneno. Du, du, du, du, moja kwa moja, bila kuacha nafasi popote, mpaka simsim ikaisha. Wateja waliosimama kusema kwa ajili ya kijiko aliwaambia siku hizi hapimi hivyo. Mama yangu akanunua redio.

Ningeweza kurekebisha. Nilipita karibu na mdogo wake kila siku kwa mwaka mzima, na kila siku nilijiambia kesho, na kila kesho ilikuwa nzito kuliko jana. Yule kijana wa pikipiki alioa mtu mwingine. Nikahamia Kawangware, mdogo naye akahamisha sinia yake mahali nisipopajua, mama yangu akarudi nyumbani kando ya ziwa. Sikuwa na sababu tena ya kwenda Gatwekera na nilifurahi kutokuwa nayo. Lakini mikono inaposuka ulimi hauna kazi, na wangu ulijipa kazi. Nilisema maneno yale juu ya vichwa vya watu, kimya kimya, mstari baada ya mstari wa nywele, miaka yote hiyo. Mteja akiona midomo yangu inacheza na kuniuliza naomba nini, nilisema naomba Mungu.

Mwaka huu mteja mmoja wa upande wa 46 alitaja, katika mazungumzo mengine kabisa, yule mama wa njugu aliyekuwa akifunika mdomo. Alifariki mwaka uliopita. Alipelekwa nyumbani, Magharibi, na dada yake alitoka Kibera kwenda kumzika. Nilimaliza kichwa kile, sijui kwa namna gani, nikamwomba mwenye saluni ruhusa, nikatembea hadi Gatwekera.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Simsim amezeeka, amesinyaa kiasi kwamba kinu kinamfika kiunoni. Ukutani, upande wetu wa zamani, michi miwili ilikuwa imeegemezwa pamoja.

"Wee wa ukutani," akasema, bila kunitazama mara mbili. "Umenenepa."

Nilikaa kwenye mtungi. Nilimpa pole ya msiba akaipokea. Kisha nikasema yote kwa mkupuo, kabla sijapata nafasi ya kuyapanga: kwamba siku ile sikusema nusu yake, kwamba niliona haya mbele ya vijana, kwamba nilisema salamu tu, kwamba mdogo wake aliuliza kama ni hiyo tu.

"Aliuliza?"

"Aliuliza. Alikuwa anangoja."

Alikuwa na njugu mkononi. Aliirudisha kwenye sinia.

"Kwa hivyo hakukataa kucheka," akasema.

"Hakusikia, Mama Simsim. Hakusikia kitu."

"Mimi nimekaa nikijua alikataa." Aliongea polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Nilikutuma wewe kwa sababu ulikuwa unaikosea vizuri. Mtaa yote hakuna mtu alikuwa anaikosea kama wewe. Nilijua ukisimama pale, useme sangasi, yeye atacheka. Sasa awe ni yeye anacheka. Akicheka tu, ningejua, ningevaa viatu niende."

Nililia, na sikujizuia. Hakunibembeleza wala hakunifukuza, aliningoja nimalize, akatoa mchi mmoja ukutani akanikabidhi. Ulikuwa wa mdogo wake, mahali pa kushika palikuwa pamelainika kwa mkono mkubwa kuliko wangu.

"Haya. Sema nusu yangu. Kama ile ya zamani."

Nikasema. Shangazi asuza simsim, hashindwi na simsim. Ilitoka safi, kila herufi mahali pake.

"Hapana. Kosea."

Nikajaribu. Ikatoka safi. Nikaiharakisha, nikafunga macho, nikajitahidi kuwa yule msichana wa foleni, na ulimi ukapita kila kona bila kugusa. Nikatia "sangasi" kwa makusudi na sote wawili tukasikia kwamba ni uongo.

"Wacha," akasema kwa upole. "Umejua sasa."

Akachota simsim akaimimina kwenye kinu. Akachukua mchi wake, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile nikamsikia akisema nusu yake, kila neno na pigo lake, polepole kuliko zamani lakini bila kujikwaa. Neno la mwisho likatoka, akainua mchi juu na kunyamaza. Mimi nilikuwa na mchi wa pili mkononi na nusu ya pili nilikuwa naijua yote. Nikafungua mdomo.

"Hiyo si yako," akaniambia.

Nikaufunga. Tukasikiliza mpaka nusu ile ikaisha, ndipo akashusha mchi tena.